Tupeane uzoefu: insha ya darasani juu ya tanzia mliiandaaje?

Zabibu Nyekundu
Mbukwenyi wakuu. Wiki ijayo hapa chuoni Dodoma tunaandika insha darasani juu ya *Julius Caesar* ya Shakespeare. Saa moja na nusu, kitabu kimefungwa, swali unalikuta ubaoni. Waliotutangulia wanasema swali halikosi kugusa hili: ni tanzia ya nani, yaani shujaa anayeangamia ni yupi, Caesar mtawala wa Roma au Brutus, rafiki yake anayeshiriki kumuua? Caesar anauawa sehemu ya 3 na tamthiliya ina sehemu 5, kwa hiyo swali lina mashiko. Mlipigaje msuli? Msiniambie "soma kwa bidii", niambieni mlichofanya.

Mkazi wa Kikuyu
Kundi letu liliachana na muhtasari, tukamshika Brutus peke yake na kutafuta wapi alimkatalia Cassius, mwenzake aliyeanzisha njama. Cassius anataka Antony, rafiki mtiifu wa Caesar, auawe pamoja naye, Brutus hataki. Cassius anapinga Antony kuhutubia msibani, Brutus anaruhusu, tena anaondoka kabla Antony hajaanza kuhutubia. Mwishoni Cassius anasema wamsubiri adui hapo walipo, Brutus anaamua waende kupigana Philippi, na huko wanashindwa. Aya tatu hizo. Kila uamuzi unatoka kwenye imani yake kwamba nia njema inatosha, na kila mmoja unamsogeza kaburini. Ukiulizwa lile kosa la shujaa alilolieleza Aristotle, unalo. Ukiulizwa siasa au urafiki, ushahidi ni huo huo.

Sauti ya Chimwaga
Someni kwa sauti! Sisi jioni tulikuwa tukikaa Nyerere Square, mmoja Brutus, mwingine Antony, tunasoma zile hotuba mbili za msibani, sehemu ya 3 onyesho la 2. Hapo ndipo sikio linakuonyesha kwamba Brutus anasema kwa nathari, sentensi zimepangwa kwa hesabu, na Antony anasema kwa ushairi. Antony anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima, na kila akirudia ile heshima inapungua. Mwenzetu alikuwa akifika hapo anashusha sauti kidogo, mpaka muuza karanga akatua sinia lake asikilize. Kiingereza cha zamani kikikushinda, anza na tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1963, aliyoirekebisha 1969 ikaitwa *Juliasi Kaizari*, halafu urudi kwenye Kiingereza. Nukuu shika fupi fupi, maneno manne matano.

Mwalimu Kongwa
Mimi ni msahihishaji. Kinachowaangusha wengi ni kusimulia. Caesar karudi Roma, mtabiri kamwonya juu ya tarehe 15 Machi, mkewe Calpurnia kaota ndoto mbaya, ukurasa wa pili umejaa na swali halijaguswa. Mwanangu, hadithi naijua, nataka kujua wewe unasemaje. Dakika za mwanzo pigia mstari neno linalokupa kazi: jadili, linganisha, kwa kiasi gani. Kisha andika msimamo wako pembeni, sentensi moja. Aya isiyotetea sentensi hiyo iache, hata kama umeikariri vizuri. Na fanya zoezi kamili nyumbani kwa kalamu, saa ikiwa mezani, maana vidole vilivyozoea simu vinachoka haraka.

Binti Kondoa
Shikamoo mwalimu. Mkazi wa Kikuyu, hapo tunatofautiana. Mimi niliandika kwamba ni tanzia ya Caesar na nikapata alama nzuri. Cassius anakufa akisema Caesar amelipiwa kisasi. Brutus anakufa akimwambia Caesar atulie sasa, na kabla ya vita mzimu wa Caesar ulishamtokea hemani. Mtu aliuawa sehemu ya 3 na bado ndiye anayewamaliza wauaji wake mmoja mmoja. Upande wowote unaruhusiwa, mradi uwe na mahali pa kuonyesha kwenye kitabu.

Zabibu Nyekundu
Asanteni sana, na mwalimu shikamoo. Nitasimama na Brutus, ila hoja ya Binti Kondoa nitaiweka kabla ya hitimisho niijibu. Limebaki moja: Portia, mke wa Brutus, amejijeruhi paja kumthibitishia mumewe kwamba anaweza kutunza siri. Kati ya yale maamuzi matatu mngemweka wapi, au apewe aya yake?