Sigara moja moja stejini: ikazwe ama iachwe?

Jakondele:
Hii maneno imetugombanisha steji ya boda wiki nzima na hatujaelewana, so naileta kwenu. Sheria ya tumbaku ya 2007 inasema sigara iuzwe kwa pakiti, isipungue stiki kumi, lakini hebu tembea hapa Kisumu kutoka Kondele mpaka Kibuye uhesabu vibanda vyenye kiberiti cha gesi kimening'inia kwa kamba. Unanunua moja, unawasha hapo hapo, unatupa peremende mdomoni, unarudi kwa kastoma. Mimi nasema hiyo kamba ikatwe. Kuna kijana tunaendesha naye, "tatu tu kwa siku", na tangu mvua ianze kifua kimemshika mara mbili, homa ile sisi wengine tunatembea nayo siku tatu inaisha yeye inamlaza wiki mbili. Anasema ni vumbi na baridi ya asubuhi. Vumbi si tunakula sote?

Mama Kibanda:
Baba, kata kamba halafu uje unilipie renti. Na nikuulize, mtu akilazimishwa kununua pakiti nzima, hiyo pakiti itakaa mfukoni ikimwangalia? Atamaliza. Hawa wangu wa moja moja ndio wanavuta kidogo, mwenye pakiti ndiye anafuka kama tanuri ya matofali.

Omera wa Nyalenda:
Mama amemaliza. Tena watu wa afya wanatutisha tu, babu yangu Ugenya alivuta kiko akapita miaka 90 na sikuwahi kumsikia akikohoa. Na wakati wa corona si ilisemwa moshi unaua viini, wavutaji hawashikwi?

Sista wa Dispensari:
Ilivuma kweli 2020, lakini WHO ilisema mwaka huo huo kwamba mvutaji akishikwa ndiye analemewa zaidi. Moshi hauui viini omera, unaua walinzi. Njia ya hewa imepakwa ute, na chini ya huo ute kuna vinyweleo vidogo sana vinapiga kuelekea juu bila kupumzika, kama wale wanaofagia soko la Jubilee alfajiri kabla lijae, uchafu na viini vinasukumwa mpaka kooni umeze ama uteme. Moshi unavilegeza, ukizidi vinafupika na vingine vinakwisha, na wakati huo huo seli za kutoa ute zinaongezeka. Taka imejaa na mfagiaji hayuko, sasa inabidi ukohoe kwa nguvu. Ndio hicho kikohozi cha asubuhi mnaita cha kawaida.
Halafu huko chini kabisa kwenye vifuko vya hewa kuna seli za kumeza viini, makrofeji. Kwa mvutaji zinakuwa nyingi kuliko kwako na kwangu, ukiziweka kwa maikroskopu zina madoadoa ya kahawia ya moshi, lakini kumeza bakteria zinashindwa. Kazi yao inabaki kupiga mayowe, zinaita askari wengine, nyutrofili, nao wakifika wanamwaga vimeng'enya vinavyokula kuta za mapafu yenyewe, na ile protini ya kuvizuia moshi umeshaivuruga. Kwa hivyo kinga imelala pale inapotakiwa na imewaka pale haitakiwi. Mvutaji ana hatari ya kuugua TB karibu mara mbili ya asiyevuta, na TB huku kwetu hamhitaji kuelezwa.

Omera wa Nyalenda:
Sawa sista, na kuni je? Dani, nyanya yangu, anakaa jikoni kwa moshi tangu azaliwe, mbona hakuna sheria ya kuni?

Sista wa Dispensari:
Hata wa kuni unaumiza, nani amekataa. Moshi ukiongezwa moshi ni moshi mbili.

Wa Nakuru:
Mimi nimeacha miaka miwili. Wiki za kwanza nilikohoa kuliko nikivuta, karibu nirudi, kumbe vinyweleo ndio vinaamka vinaanza kazi. Lakini si kila kitu kinarudi upesi, 2024 watafiti wa Institut Pasteur kule Paris walitoa kazi waliyofanya kwa damu ya watu 1,000 wazima wa afya, wakaona kwa walioacha ile kinga ya kwanza kwanza inatulia haraka, ila ile yenye kumbukumbu ya viini ilivyokutana navyo inabaki na alama ya sigara kwa miaka. Sasa mama, kuhusu pakiti, uko na pointi kwa mzee aliyezoea. Mimi nilianza nikiwa fomu tatu, na pakiti ningeitoa wapi? Nilikuwa na pesa ya moja. Hiyo moja ndiyo ilikuwa mlango wangu.

Mama Kibanda:
Wa yunifomu simuuzii, waulize.

Wa Nakuru:
Tulikuwa tunavua sweta.

Mama Kibanda:
Haya. Mimi nina yangu pia, mdogo wangu ana pumu na jioni anafanyia kazi ya shule hapo ndani kwa kreti ya soda, na kiberiti kiko dirishani juu ya kichwa chake. Sikuwa nimeangalia hivyo. Nimekihamisha kwa nguzo upande wa barabara, wawashie huko. Kuuza bado nauza, msinipigie makofi.

Jakondele:
Nimepita sasa hivi nikakiona. Kamba imerefushwa tu, nguzo iko hatua mbili.

Mama Kibanda:
Basi lete nguzo yako.