Warren Spahn aliwezaje kufikisha ushindi 363 baada ya kuchelewa kuanza?

Mwalimu wa Tabora:
Wanajamvi, habari zenu. Ninafundisha besiboli katika shule moja hapa Tabora, na vijana wangu wanaamini kwamba mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) asiye na kasi hana thamani. Ningependa kuwaeleza habari za Warren Spahn, mrushaji wa mkono wa kushoto wa Braves, timu ya Marekani iliyohama Boston kwenda Milwaukee mwaka 1953. Ushindi wake wa kwanza katika ligi kuu (yaani mchezo ambao timu ilishinda na ushindi ukaandikwa kwa jina lake kama mrushaji) aliupata mwaka 1946, akiwa na miaka 25, lakini alistaafu akiwa na ushindi 363, idadi ambayo hakuna mrushaji mwingine wa mkono wa kushoto aliyeifikia. Aliwezaje?

Msomaji wa Ujiji:
Shikamoo Mwalimu. Kilichomchelewesha ni Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 alicheza michezo 4 tu, na kocha wake Casey Stengel alimrudisha ligi ya chini kwa kumwona mwoga, eti alishindwa kumtisha Pee Wee Reese, mpigaji wa timu pinzani, kwa mpira wa karibu na mwili. Huyo aliyeitwa mwoga akaenda kupigana Ulaya, akajeruhiwa kwenye daraja la Remagen, Ujerumani. (Stengel alikuja kukiri kosa lake.) Wapo wasemao kwamba vita vilimnyima ushindi wa 400, ila mwenyewe aliona kwamba miaka ile ilimkomaza.

Kuhusu kasi, wanafunzi wako wajue kwamba alikuwa nayo ujanani, na ilipopungua alijifunza mpira unaopinda na kumkimbia mpigaji wa mkono wa kulia. Aliamini kwamba mpigaji hutegemea kupatia wakati, hivyo kazi ya mrushaji ni kumvurugia wakati huo. Hata mguu wake wa kulia, alioupandisha juu sana kabla ya kurusha, ulimficha mpigaji mpira. Ndiyo maana alifikisha ushindi 20 au zaidi katika misimu 13, na mwaka 1960 na 1961, akiwa na miaka 39 kisha 40, alimaliza michezo miwili bila wapinzani kupata pigo hata moja halali.

Mkazi wa Mwanga, Kigoma:
Naongeza tahadhari, Mwalimu. Tarehe 2 Julai 1963, akiwa na miaka 42, Spahn alirusha hadi zamu ya 16 (mchezo wa kawaida huwa na zamu 9) dhidi ya Juan Marichal, mrushaji wa San Francisco, akafungwa 1-0 Willie Mays wa timu hiyo alipoupiga mpira nje ya uwanja. Wasimulie, lakini usiruhusu mtoto yeyote aige urushaji wa muda mrefu namna hiyo, kwa maana bega la mtoto bado linakua.

Mwalimu wa Tabora:
Marahaba, na asanteni nyote. Nitaanza na habari ya mguu, kwa kuwa hiyo wataweza kuijaribu uwanjani Jumatatu.