gzip, xz au zstd: programu ipi ya kubana mafaili kwa bekapu ya kila usiku?

vipuri_jinja
Habari zenu wakuu. Nina kompyuta ndogo ya duka hapa Jinja, Debian (aina ya Linux), RAM ya GB 2. Kila usiku pg_dump inatoa nakala ya hifadhidata ya Postgres, gzip inaibana, kisha rsync (programu ya kunakili mafaili kwa mtandao) inaipeleka seva ya Kampala kwa modemu ya simu. Bando haligusi katikati ya mwezi. Jamaa mmoja ananisukuma nihamie xz -9, kiwango chake cha juu cha kubana. Nyie mnatumia nini?

mzee_wa_seva
Kijana wangu, hiyo -9 iache. Kubana tu inataka karibu MiB 674 za RAM, na Postgres nayo iko hapo hapo inakula. Ukiipenda xz baki na -6, ndiyo yake ya kawaida, inatosheka na MiB 94 hivi. Itabana vizuri kuliko gzip, ila jiandae kusubiri.

dada_mbale
zstd, bila kufikiria mara mbili. Yann Collet aliitoa akiwa Facebook, toleo 1.0 ni la 2016. Kiwango cha kawaida ni 3, unapanda hadi 19, na hata ukipanda, kufungua kunabaki kwepesi.

`pg_dump duka | zstd -12 > duka.sql.zst`

Angalia kitu kimoja: gzip ikibana faili inafuta la mwanzo usipoweka -k. zstd inaliacha palepale mpaka uiambie --rm. Mimi nilihama nikasahau hilo. Diski ikajaa usiku wa Ijumaa, simu ikanikuta msibani, nikarekebisha seva nimekaa nyuma ya hema la wapishi.

boda_ya_data
Mbona hakuna anayeuliza huko Kampala kuna nini? Nilimtumia mhasibu wa Arua faili la .zst, mashine yake ya zamani haikuwa na cha kulifungulia. gzip ipo tangu 1992, huikosi popote. Halafu zgrep: unatafuta risiti ndani ya logi iliyobanwa bila kuifungua kwanza.

dada_mbale
zstdgrep ipo, ssebo. Na xzgrep.

boda_ya_data
Haya, nimenyamaza.

mgeni_gulu
Ule mlango wa nyuma wa xz je, msimbo wa siri uliopenyezwa ndani yake? Mimi niliifuta kabisa.

mzee_wa_seva
Ulikuwa kwenye 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund aliunasa Machi 2024 baada ya kuona kuingia kwenye seva kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Debian thabiti (stable) haikuguswa. Piga `xz --version`, usifute ovyo.

Lakini vipuri, nimerudia kusoma swali lako. Wewe hubani vibaya, unatuma vibaya. Mstari mmoja ukibadilika mwanzoni mwa data, faili lote la gzip kuanzia pale linageuka, na rsync inalipeleka karibu zima. Tumia `gzip --rsyncable`. Zstd nayo inayo. Faili linanenepa kidogo, lakini rsync itapeleka vipande vilivyobadilika tu. Weka na --partial, umeme ukikatika usianze upya.

dada_mbale
Mzee kamaliza. Ila rsync lazima ikute faili la jana kule, kwa jina lile lile.

vipuri_jinja
Jina lile lile? Langu nimelibandika tarehe. Kila usiku jina jipya.

boda_ya_data
😂😂 Pole kaka. Bando lako tumelipata.