Mrejesho: Ile riwaya ya askari na tapeli nimeipata

Habari zenu wakuu. Niliulizia riwaya ya upelelezi yenye kuchekesha, ambamo askari analazimika kufanya kazi na mhalifu yuleyule aliyekuwa akimsaka. Asanteni sana mlionitajia The Heist ya Janet Evanovich na Lee Goldberg, ya mwaka 2013. Nimeipata kwa muuza vitabu vya mitumba hapa Moshi, jalada limechakaa lakini kurasa zote zimo.

Nimeimaliza na nimeipenda mno! Kate O'Hare ni ofisa wa FBI, mtu wa sheria kutoka utosini hadi unyayoni. Anamkamata tapeli Nick Fox, halafu wakubwa zake mwenyewe wanamtorosha kwa siri na kuwaunganisha wawili hao wamnase Derek Griffin, aliyekimbia na dola milioni 500 za watu. Kicheko chote kinazaliwa hapo: Nick anaishi kwa uongo, Kate anaishi kwa kanuni, na kazi waliyopewa haifanyiki bila kuvunja sheria. Baba yake Kate, mzee Jake, mwanajeshi mstaafu, ndiye aliyeniteka kuliko wote.

Anayetaka fumbo la nani kaua hatalipata. Mwizi anajulikana mapema. Utamu uko kwenye kumtegea mtego. Kiingereza chake chepesi, hata mdogo wangu wa kidato cha tatu ameshaanza kukisoma.

Sasa natafuta kinachofuata, The Chase. Mwenye nacho Moshi au Arusha aniambie, tubadilishane.