Simu iko spika, mwenyekiti anasikia, mtu anasema mimi sijui kuandika anwani!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Nimetoka kwenye kikao cha Saccos sasa hivi, hata maji sijanywa. Yule jamaa wa kukodisha seva mnamjua, simtaji. Yule ambaye ukimpigia saa nne asubuhi fundi yuko saiti, ukimpigia saa nne usiku fundi yuko saiti, mpaka unajiuliza hiyo saiti iko mwezini au wapi. Leo kanivua nguo mbele za watu.

Mwenyekiti kampigia, kaweka simu spika. Mama mhasibu kainuka mwenyewe akazima feni ili tusikie vizuri. Watu saba mezani. Jamaa hata shikamoo kwa mzee wa watu hakutoa, anaanza tu: "Kwetu barua zinatoka. Huyo kijana wenu labda hajui kuandika anwani."

HAJUI KUANDIKA ANWANI.

Kimya kilichofuata, sisimizi angepita pale tungesikia hatua zake.

Mfumo wa Saccos nimeuandika mimi. Unatuma taarifa kwa barua pepe: mkopo umepita, rejesho linakaribia, paswedi imebadilishwa. Barua 400 kwa siku, mwisho wa mwezi labda 600. Nikaweka Postfix, programu ya kutuma barua pepe. Poti 25 ya kutoka, mlango ambao seva hupelekeana barua, nikakuta imefungwa, sikulalamika, kampuni nyingi duniani zinaifunga kwa sababu ya watuma takataka. Wakasema pitisha kwenye rilei yetu (seva yao inayopokea barua zako na kuzipeleka mbele), poti 587, jina na paswedi hizi hapa. Sawa. Nikaandika relayhost, mstari wa kuielekeza Postfix kwenye rilei, nikawasha TLS ya kusimba mawasiliano, na kwenye SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu, nikaiingiza rilei yao. DKIM, sahihi ya kidijitali ya barua, nikatengeneza ufunguo wa biti 2048, na wanaojua wanajua ufunguo ule hauenei kwenye kipande kimoja cha rekodi ya TXT ya DNS (daftari la majina ya mtandao), mwisho herufi 255, kwa hiyo nikaukata vipande viwili saa nane za usiku nikiwa na mbu na tochi ya simu. DMARC, sera ya kuwaambia wapokeaji wafanye nini na barua zinazofeli ukaguzi, nikaanza na p=none, yaani wasizuie kitu, nisimsumbue mtu. Nikatuma barua ya kwanza, logi ikajibu 250, imeingia foleni.

Imeingia foleni, haikutoka tena! Barua zinaingia kwao kama Rufiji inavyoingia baharini, hakuna tone linalorudi. Chache zinatua kwenye spamu, nyingi hazionekani popote, na hata ile taarifa ya kugoma hairudi. Sasa 250 maana yake nini? Kanuni za SMTP, itifaki ya kutuma barua pepe, zimeandika wazi: seva ikishajibu 250 imebeba mzigo. Ama iufikishe, ama imwambie aliyetuma kuwa imeshindwa. Huwezi kupokea mzigo wa mtu ukaumeza.

Nikafungua vichwa vya barua moja iliyoangukia spamu, yale maelezo ya njia iliyopitia. IP ya rilei yao haina rekodi ya PTR, ile inayoonyesha IP ni ya jina gani. Haina! Tangu Februari 2024 Gmail wanadai PTR hata kwa anayetuma barua tatu kwa siku. Nikaitafuta Spamhaus, wale wanaoorodhesha watuma takataka, IP hiyo hiyo iko kwenye orodha nyeusi. Nikapiga picha, nikafungua tiketi, wakaifunga: "Imetatuliwa." Nikafungua nyingine, "Imetatuliwa." Tiketi 11, wakuu. Wametatua mara 11 na mwanachama hajapata barua hata moja.

Kinachonichoma zaidi ni mwalimu mmoja mstaafu, mwanachama wetu wa siku nyingi. Kapigwa faini ya kuchelewesha rejesho. Yeye husubiri taarifa ndipo atume, miaka yote hajawahi kuchelewa. Kaja dirishani na simu yake mkononi, ananiambia, "Mwanangu, hebu nitafutie humo, mimi macho hayaoni vizuri." Nikatafuta. Hamna. Spamu nako hamna. Sikujua nimwambie nini mama yule.

Halafu mtu anakaa huko aliko anasema labda hajui kuandika anwani. Kwenye spika. Na feni imezimwa.

Kokoto: Mkuu umeandika gazeti zima. Kwa kifupi, umekosea anwani au hujakosea?

Mwanzisha uzi: Kokoto, usinichokoze leo. Anwani inatoka kwenye hifadhidata, mwanachama anaijaza mwenyewe na anaithibitisha. Mimi siandiki anwani ya mtu yeyote.

Kokoto: Kwa hiyo ni kweli hujawahi kuandika anwani. Jamaa kasema ukweli 😂

Mzee wa Foleni: Pole sana mdogo wangu. Huyo bwana hata mimi namjua, na naona tunamjua wote. Rilei yake ni daladala: mlevi mmoja akitapika siti ya nyuma, wote mnashuka mnanuka. Mteja mmoja WordPress yake ikidukuliwa na kuanza kutuma matangazo ya dawa, IP ni moja, mnaingia wote kwenye orodha nyeusi. Nikuulize, imepita siku ngapi? Postfix isipobadilishwa huishikilia barua siku 5 ikijaribu kabla ya kuirudisha.

Mwanzisha uzi: Mzee wangu, siku 5? Hii ni wiki ya tatu!

Mzee wa Foleni: Basi wana kitu kinachotupa zile za kurudi. Mwambie akuonyeshe mailq yake, orodha ya barua zilizo kwenye foleni.

Mwanzisha uzi: Nimwambie nani mzee, fundi yuko saiti.

Tundu la Sindano: Umehesabu include za SPF yako? Zikizidi ulizo 10 za DNS yote inahesabika mbovu. Watu wengi wanakwama hapo halafu wanawasingizia watu wa seva.

Mwanzisha uzi: Nimehesabu, ziko 4. Na kwenye ile iliyoangukia spamu SPF imepita na DKIM imepita. Nimewaambia tatizo ni PTR na orodha nyeusi. Huo mstari mmoja wa PTR naweza kuuweka mimi? IP ni yao! Mwenye IP ndiye anaweka. Ni kazi ya dakika tano.

Nyangumi Mkavu: Si utumie tu Gmail yako? Mambo ya seva ya nini.

Mwanzisha uzi: Gmail ya bure mwisho wapokeaji 500 kwa siku. Halafu taarifa ya mkopo wa mtu itoke kwenye anwani yangu binafsi? Wewe ungeifungua?

Nyangumi Mkavu: Mimi barua pepe sijafungua tangu nimalize chuo.

DadaMizania: Nimesoma yote, jambo moja tu. Faini ya mwalimu mmeirudisha?

Mwanzisha uzi: Hapo ndipo damu inanichemka dada yangu. Nilipendekeza irudishwe leo leo. Mwenyekiti kasema tusubiri kwanza ripoti ya fundi. Fundi yupi? Huyo huyo! Kuanzia pale spika ilipotamka "hajui kuandika anwani" hakuna aliyenisikiliza tena. Nimeonyesha logi, wananiangalia kama naonyesha picha za harusi ya mtu wasiyemjua.

DadaMizania: Faini inarudishwa kwanza, ripoti baadaye. Kwetu Saccos walimkata marehemu faini. Marehemu! Familia inakuja kudai mafao, wanakuta amechelewesha rejesho siku ya mazishi.

Chongo Mchana: Hayo yote ya nini, tumeni SMS. Mwalimu mstaafu anasoma SMS.

Tundu la Sindano: SMS umewahi kuomba jina la mtumaji wewe? Unajaza fomu, unasubiri, unaambiwa muhuri haukuonekana vizuri, unaanza upya.

Chongo Mchana: Angalau zinafika.

Nyangumi Mkavu: Zinafika kweli. Mimi napata za kubeti kumi na mbili kila siku na sijawahi kubeti. Na bando langu la jana limeisha nikiwa nimelala, simu iko mezani. Nani alikuwa anaangalia video?

Kokoto: Bando ungefungua uzi wako mkuu. Mimi langu lilikwisha dakika ile ile meseji ya kunipongeza kwa kununua inaingia.

DadaMizania: Mtandao upi huo? Au ni ule ule?

Nyangumi Mkavu: Ule ule.

Mwanzisha uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Kesho saa tatu nina kikao kingine na huyu mtu atapigiwa tena. Nimechapisha logi kurasa 40. Nataka akisema tena neno lile, nimsomee mstari kwa mstari, saa na dakika, kila 250 aliyoitoa.

Mzee wa Foleni: Kurasa 40 hawatasoma. Peleka moja tu, ya mwalimu. Saa iliyotumwa, namba ya foleni waliyokupa wao, na tarehe ya faini. Muulize namba hiyo iko wapi, halafu nyamaza.

Mwanzisha uzi: Asante mzee wangu. Hiyo nitaibeba.

Chongo Mchana: Samahani kidogo, hiyo feni iliyozimwa ni ya dari au ya kusimama? Ya kwangu ya kusimama inazunguka ikigeuka kulia tu, kushoto inagoma.

Kokoto: Fungua nyuma, kuna gia ndogo ya plastiki imelika meno. Ninazo, njoo PM.

DadaMizania: Usimuuzie bei uliyoniuzia mimi wewe Kokoto. Na ile gia ilidumu wiki mbili, nilikuwa nakutafuta.