MREJESHO: Pampu ya joto kwa msaada wa serikali, Uingereza

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kama familia ya kipato kidogo hapa England inaweza kupata pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulitumia kupasha nyumba) kwa fedha za serikali, maana boila yetu ya gesi ilishachoka.

Ushauri wa kuanzia halmashauri ndio uliofaa. Mpango unaitwa Warm Homes: Local Grant, ulianza 2025. Sisi tuliingia kwa kigezo cha mapato: kaya isizidi pauni 36,000 kwa mwaka, na cheti cha nishati cha nyumba kiwe daraja D hadi G (A ndilo bora, G ndilo baya kabisa). Walikagua, wakatandaza sufi ya kuhifadhi joto juu ya dari, kisha wakafunga pampu. Hatukulipa kitu.

Aliyesema tuiache iwake mfululizo kwa joto la wastani, Mungu ambariki. Mama mkwe ana baridi yabisi, na sasa analala usiku kucha.

Bili haijashuka tulivyotarajia, kwani uniti ya umeme hapa ni ghali mara kadhaa kuliko ya gesi. Kuta nazo hazikuguswa, chumba cha nyuma bado baridi. Nimeomba kikaguliwe upya. Wapangaji mnaweza kuomba pia, ila mwenye nyumba lazima aridhie.