Divai ya Bordeaux ya mwaka 1996 kwa chakula cha Krismasi: tuifungueje?

Mkaazi wa Nyali
Hamjambo nyote. Shemeji yangu anayeishi Ufaransa ametuletea chupa ya divai nyekundu ya Pauillac, Bordeaux, ya mwaka 1996, ambayo miaka yote hiyo ilihifadhiwa katika ghala lililo chini ya nyumba yake. Tunakusudia kuinywa usiku wa Krismasi kwa mguu wa kondoo wa kuoka, ingawa mama mkwe amesema wazi kwamba pilau na achari havitakosekana. Wapo wanaonishauri niizibue tangu asubuhi ili ipate hewa, na wapo wanaosema niimimine katika jagi la kioo. Kwa sasa imelazwa juu ya kabati la jikoni. Naomba ushauri.

Mpishi Mstaafu, Kizingo
Ndugu yangu, jambo la kwanza ni kuiondoa chupa hiyo juu ya kabati leo hii, kwa kuwa ghala la divai huwa na nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi, ilhali jikoni kwako Desemba hii mchana ni 30 na zaidi. Divai ikipata joto hutanuka, ikakisukuma kizibo na kupenya pembeni mwake. Kwa hiyo kagua kama kizibo kimetokeza au kama shingo ina unato. Ilaze sehemu ya chini ya friji, kisha isimamishe siku moja au mbili kabla ya karamu. Divai ya umri huo huwa na mashapo, yaani rangi na tanini (zile chembe za maganda ya zabibu zinazokausha ulimi) zilizoshikana na kuzama, nayo yakivurugika huitia uchungu.

Mama wa Tudor
Mimi kwa kawaida huiacha divai nyekundu katika jagi kwa saa mbili, na hulainika vizuri. Sioni kwa nini hii iwe tofauti.

Mpishi Mstaafu, Kizingo
Dada, hilo linafaa kwa divai changa, ambayo tanini zake bado ni kali. Hii ya 1996 imekwisha kulainika chupani, na harufu yake huweza kupotea upesi ikipata hewa nyingi. Kuizibua asubuhi nako hakusaidii, maana eneo linaloguswa na hewa shingoni halizidi sarafu ya shilingi.

Izibueni mnapokaribia kuketi. Kizibuo kiingie taratibu hadi karibu na mwisho wa kizibo, kwa kuwa vizibo vya zamani hukatika. Kikimeguka, chujeni kwa kitambaa safi kisicho na harufu ya sabuni. Mimina bila kusita, chupa ikiwa imeinama kidogo na tochi ikimulika shingo kwa chini, na uache mara tu uonapo uzi mweusi wa mashapo ukikaribia bega la chupa. Onjeni kwanza: ikiwa bado imefumba, yaani harufu yake haijajitokeza, ipeni nusu saa.

Msidanganywe pia na kauli ya kuinywa kwa joto la chumba, kwani vyumba vilivyokusudiwa ni vya Ulaya ya zamani, si vya Nyali. Inywewe kwenye nyuzi 16 hadi 18.

Kuhusu chakula, kondoo ni chaguo barabara, na Pauillac kwenyewe wanasifika kwa wanakondoo wao. Mpake kitunguu thomu na chumvi, basi. Pilipili huifanya tanini ikwaruze ulimi, na achari ya ndimu huifunika ladha yote, kwa hiyo pilau ya mama mkwe ije chupa ikiwa imekwisha.

Mkaazi wa Nyali
Ahsanteni sana. Kizibo hakijatokeza, na chupa imo frijini. Je, nitajuaje kama imeharibika?

Mama wa Tudor
Ikinuka kartoni iliyolowa, kasoro hiyo imetoka kwenye kizibo na haina dawa. Ikinuka siki, imekwisha. Weka chupa nyingine ya kawaida karibu, kaka.